Laptopu inashika waifai ya nyumbani ila intaneti hamna, naomba ushauri

Wakuu habari za jioni. Nina laptopu ya Windows 10, tangu juzi usiku inanichanganya kweli. Waifai ya nyumbani inashika fresh tu, mistari imejaa, ila inaniandikia hakuna intaneti na hakuna tovuti inayofunguka. Simu mbili na tivii zinatumia rauta hiyohiyo na zinapeta, mtoto anaangalia katuni hapa mimi nimekodoa macho tu.

Nimezima rauta nikaiwasha, nimeifuta waifai nikaingiza paswedi upya, nimeristati laptopu mpaka nimechoka. Nikaunga hotspoti ya simu nayo vilevile, kwa hiyo rauta naiondolea lawama. Halafu kuna kitu kimenishangaza, jirani kanielekeza nifungue ile skrini nyeusi ya cmd niandike ping 8.8.8.8 (kupima kama seva ya Google yenye namba hiyo inajibu) na majibu yakarudi yote manne, ila nikiandika ping google.com inagoma kabisa. Anwani ya IP ipo, inaanza na 192.168, sio ile ya 169.254 ambayo laptopu hujipa yenyewe ikikosa ya rauta.

Sasa nahisi ni mambo ya DNS (ile inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya IP), maana wiki iliyopita niliweka VPN ya bure (programu ya kupitisha intaneti kwenye seva nyingine) halafu nikaifuta (najua, najua, msinipige mawe). Je niweke DNS mwenyewe kwa mkono, 8.8.8.8 na 1.1.1.1, au nianze na netsh winsock reset (amri ya cmd ya kurudisha mipangilio ya Winsock, sehemu ya mtandao ya Windows, kama ilivyokuwa mwanzo)? Kupiga Windows upya sitaki kabisa, kuna kazi za watu humu na sina pa kuzihamishia.