Stesheni ya reli ya bustani: nikate seti ya dukani, nijenge mwenyewe, au niprinti?

PwaniBremen
Wakuu, habari za wikendi. Niko Bremen, nina kibustani na njia ya LGB (treni za mfano za bustanini) inayozunguka mtufaha mmoja. Nataka stesheni inayofanana na zile za njia ya Tanga kwenda Moshi: kuta za chokaa, paa la mabati, baraza refu mbele. Mkononi nina seti ya Pola, wale watengenezaji wa majengo ya mfano, stesheni ya kijiji cha Kijerumani, niliipata mtumba na bado haijaunganishwa. Naona njia tatu: (a) niikatekate, (b) niiache nijenge kwa bodi ya PVC, ile ya mabango, (c) nimwombe shemeji mwenye printa ya 3D. Jengo litakaa nje mwaka mzima, sina stoo.

MzeeWaVoi
Kijana, kabla hujashika msumeno shika rula. Reli zetu za zamani zimeachana mita moja. Gawa kwa 22.5 upate milimita 44.4, na reli za njia yako zimeachana 45. Kwa hiyo skeli yako ni 1:22.5, yaani kila kitu kinapunguzwa mara 22.5, na mlango wa futi saba unatakiwa uwe kama sentimita tisa na nusu. Pima milango ya hiyo seti. Watengenezaji wengi hubana majengo ili yaenee bustanini, halafu abiria wako anagonga kichwa kwenye linta. Vitu vya 1:24 vinavumilika. Vya 1:29 ukiviweka kando ya behewa vinaonekana vya watoto.

DadaMsasa
Shikamoo Mzee. PwaniBremen, mimi nasema kata. Seti inakupa madirisha na milango, vitu ambavyo ukivichonga mwenyewe vitakutoa jasho. Vingine vyote ni vya kubadilisha. Kinachoifanya stesheni ionekane ya Korogwe ni paa na baraza. Paa la Kijerumani limesimama mno na lina vigae. Yangu nilipunguza zile pembetatu za kuta za mwisho mpaka mteremko ukalala, nikalivuta paa mbele lifunike baraza.

Mabati nilitengeneza kwa makopo ya soda. Bati halisi lina wimbi kila milimita 76, kwa skeli yetu ni 3.4. Nilibandika njiti za baiskeli kwenye ubao kwa nafasi hiyo, nikalaza kipande cha kopo juu, nikakandamiza kila mfereji kwa njiti nyingine. Anza upande mmoja uende hadi wa pili. Ukianza pande zote mbili, katikati panachanika. Kisha kata vipande vya sentimita 11 kwa 3, vipandane wimbi moja, na msasa laini kwanza ili rangi ishike. Kutu ni rangi ya kahawia kwa sponji, kidogo tu. Watu wanapenda kutia kutu nyumba nzima, utadhani hakuna aliyewahi kununua bati jipya.

FundiKisumu
Kazi safi dada, ila hesabu saa ulizotumia kukata kitu ulichokilipia. Mimi ni (b) kila siku. Bodi ya PVC ya milimita 5 inakatika kwa wembe, haiozi, mchwa hawaigusi. Chokaa nachanganya rangi ya maji na mchanga uliochekechwa, napaka mikono miwili. Madirisha naagiza ya nyumba za wanasesere za 1:24, hayana tatizo.

Jihadhari na gundi. Ile ya mabomba inashika PVC kwa PVC. Plastiki ya seti inataka gundi ya modeli. Ukichanganya hizo mbili tumia epoksi, la sivyo baraza litakuja mkononi.

Na usidanganywe na seti za mbao. Nilijenga moja, mchwa wakamaliza ofisi ya stesheni masta msimu mmoja wa mvua. Niliinua paa nikakuta ukuta ni rangi tupu, umesimama kwa mazoea.

DadaMsasa
😂 Pole. Lakini mchwa wa Kisumu hawana viza ya Bremen.

ZenjiPrinta
Kuhusu (c): usiprinti jengo zima. Utangoja siku kadhaa upate ukuta wenye mistari ambayo utaisugua mpaka uchoke. Printi vidogo: nguzo za baraza, mabano yake, mabenchi, herufi za jina. Na mwambie shemeji asitumie PLA, ile plastiki ya kawaida ya printa. Inalainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na paa jeusi juani linafika huko. Langu lililala kama mkate uliomwagiwa chai. ASA, plastiki nyingine ya printa, inavumilia jua.

MzeeWaVoi
Bango la jina usilisahau. Stesheni zetu ziliandika jina kwa herufi kubwa, na chini yake kimo kutoka usawa wa bahari, kwa futi. Mwenzetu mmoja alijenga stesheni nzuri ajabu akaibandika bango la Kijerumani lililokuja na seti. Nilimtania mwaka mzima.

KakaMalmo
Hakuna aliyejibu swali la baridi. Nina majengo mawili nje hapa Sweden, moja la seti na moja la bodi ya PVC, na yote yamedumu. Kinachoua ni maji yanayoingia kwenye ufa yakaganda. Weka jengo juu ya bamba la zege, toboa matundu ya kutolea maji sakafuni, usizibe chini kwa saruji. Nguzo za baraza tia waya wa shaba ndani, maana theluji ikilala juu ya paa refu hivyo, plastiki tupu inakatika.

DadaMsasa
Na paa lisigundishwe! Mimi niligundisha, taa ikafa, na nyigu wakaingia kwenye dirisha la tiketi wakajenga. Sasa natumia sumaku nne ndogo. Ndani paka rangi nyeusi kabla ya nyeupe, la sivyo ukiwasha taa ukuta wote unang'aa kama fanusi.

PwaniBremen
Nimepima: mlango ni milimita 88. Umebanwa kidogo, nauacha. Nakata seti, baraza najenga kwa bodi ya PVC, nguzo na bango anaprinti shemeji kwa ASA. Makopo ya bia yanafaa? Ya soda sina.

DadaMsasa
Yanafaa, ilimradi ni alumini. Vaa glavu, kingo zake zinakata kuliko wembe.

FundiKisumu
Huyo shemeji ndiye atakayeyamaliza hayo makopo. Hakikisha ameprinti kwanza.