Naomba ushauri: nimekuwa bosi wa wenzangu, mmoja hataki kunikubali

Wakuu, habari za majukumu. Miezi minne iliyopita nilipandishwa cheo kuwa msimamizi wa timu ya watu saba, wale wale niliokuwa nakaa nao tukimsema bosi. Sasa bosi ni mimi.

Sita hawana shida. Tatizo ni mmoja, mkongwe kunizidi, naye aliomba nafasi hii akakosa. Kazi anaijua kuliko sisi wote, hilo sibishi. Lakini kwenye kikao ananyamaza, tukitoka tu anawaambia wenzake "hilo halitafika popote". Kazi ya Jumatano inakuja Ijumaa, tena safi kabisa, hata pa kukosoa napakosa isipokuwa muda.

Nami nilikosea: siku moja nilimfokea mbele ya wote. Tangu hapo hata salamu ni ya kulazimisha. Nikaanza kumalizia kazi zake usiku ili tusichelewe, na nadhani hapo ndipo nilipoharibu zaidi, maana ameshajua nitabeba.

Nafikiria kumwita faraghani, nimwombe radhi kwa kumfokea hadharani, kisha tukubaliane kuhusu tarehe, na nimkabidhi jukumu la kuwafundisha wageni. Mke wangu anasema nikianza na radhi nitaonekana dhaifu. Mimi sioni hivyo, ila moyo unasitasita.

Mliowahi kuongoza rafiki zenu wa zamani, mazungumzo kama haya mliyaanzaje? Na barua ya onyo ije lini? Kumpoteza sitaki.