Delhi hadi Tokyo: iweje kwenda ni saa 11 na kurudi ni saa 6?

Dada wa Ujiji:
Habari zenu ndugu. Mdogo wangu anayesoma Delhi anakwenda Tokyo, naye ametutumia tiketi yake huku Ujiji. Ataondoka saa 2:00 usiku na kutua saa 1:00 asubuhi ya siku ya pili. Kurudi, ataondoka saa 5:30 asubuhi na kufika saa 11:30 jioni siku hiyo hiyo. Nikihesabu napata saa 11 za kwenda na saa 6 za kurudi, ilhali njia ni ile ile. Mama amesema halali mpaka asikie mwanawe ametua, kwa hiyo naomba mtueleze ndege inakaa angani muda gani hasa.

Mwalimu, Tabora:
Dada, tiketi huandika saa ya kila mji mahali pake. India hufuata longitudo ya nyuzi 82.5 Mashariki na Japani nyuzi 135. Tofauti ni nyuzi 52.5, na kwa kuwa dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, Tokyo imeitangulia Delhi kwa saa 3 na nusu. Njia nyepesi ni kugeuza kila kitu kiwe saa ya kwetu, ambayo India inaitangulia kwa saa 2 na nusu, na Japani kwa saa 6. Basi ataruka saa 11:30 jioni na kutua saa 7:00 usiku, yaani saa 7 na nusu. Akirudi ataruka saa 11:30 alfajiri na kutua saa 9:00 alasiri, yaani saa 9 na nusu. Kumbe kurudi ndiko kurefu! Umbali ni takriban kilomita 5,850, zaidi ya mara nne ya reli ya Kigoma hadi Dar es Salaam.

Kibirizi:
Mwalimu amesema kweli, nami naongeza sababu ya zile saa 2 zinazozidi. Kiasi cha kilomita 10 juu kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ambao Mjapani Wasaburo Ooishi aliupima katika miaka ya 1920 kwa kurusha maputo. Sisi wa ziwani tunalielewa jambo hili: boti inayotoka Kipili kuja Kigoma wakati wa kusi husukumwa, na inayorudi hupambana. Juu ya Japani upepo huo huwa mkali zaidi majira ya baridi, hivyo akirudi Januari safari yaweza kurefuka kuliko akirudi Julai.

Dada wa Ujiji:
Nawashukuru sana. Kwa hiyo mama apige saa 7 usiku?

Mwalimu, Tabora:
Asubiri hadi saa 8, kwa sababu akishatua bado kuna foleni ya uhamiaji na kungoja mizigo.