Hilux Vigo iliyonyanyuliwa inchi 2 inagonga mbele

Wakuu, Vigo 4x4, mbele kuna spesa (kipande cha kuongezea kimo) kati ya springi na kikombe cha juu. Tairi ikishuka shimoni, inagonga "ta!" Nibadilishe nini?

Jibu: Mkuu, toa spesa. Inaibana springi, shokapu inakaa imefunguka muda wote. Ikishuka kidogo tu imefika mwisho, ndiyo huo mlio. Funga shokapu ndefu zilizotengenezwa kwa gari lililonyanyuliwa inchi 2, na springi za uzito halisi wa gari lako. Kama una bampa la chuma na winchi, springi laini italala tena. Koilova (shokapu na springi zikiwa kitu kimoja) za kurekebishika nazo ukizizungusha juu kupita kiasi zinagonga vilevile.

Jibu: Naongezea. Springi ibanwe kwa vibanio viwili vinavyotazamana kabla ya kugusa nati ya juu, ikifyatuka inaua. Bolti za bushi (mipira ya kwenye maungio ya mikono) zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa matairi yake, la sivyo bushi zinajipinda na kuchanika mapema. Geuza usukani mpaka mwisho tairi zikining'inia, uangalie mpira wa breki na waya wa ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga) visivutwe. Kisha alaimenti, yaani kunyoosha mkao wa matairi.

Swali: Nyuma je?

Jibu: Pima urefu kati ya vifungio vya shokapu, juu na chini, ekseli ikining'inia. Shokapu isiwe ndiyo inayoizuia ekseli kushuka.