Kubadilisha madabodi ya kompyuta bila kuunguza vitu vingine: naombeni ushauri kabla ya Jumamosi

Nyota_ya_Umoja
Wadau hamjambo. Kompyuta yangu ya mezani imegoma. Usiku stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, ikapotea tena. Sasa nikiwasha, feni inazunguka lakini skrini ni giza. Fundi wa mtaani amesema madabodi imeungua. Nataka kuibadilisha mwenyewe, bisibisi ninazo na mkono wangu hautetemeki. Nifuate hatua gani nisije nikaua prosesa, RAM na diski? Tafadhali msiniambie ninunue laptopu.

Babu_wa_Kayole
Nunua laptopu, dada. Ina betri, stima ikipotea unaendelea na kazi. Windows 10 yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubaliwi kwenye 11. Mimi yangu nilimpa muuza vyuma na usingizi ninaupata.

FundiBisibisi
Hatua zipo. Chomoa waya ukutani, kisha shikilia swichi ya kuwashia sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe. Usifanyie kazi juu ya kapeti, na uwe unagusa chuma kitupu cha kasha ili mwili usibebe umeme tuli. Piga picha ya kila waya kabla ya kuung'oa. Kama prosesa ni ya Intel, pini ziko upande wa bodi, kwenye soketi inapokaa prosesa, nyembamba mno, moja ikipinda umeumia. Prosesa ikitoka, futa pesti iliyokauka, ile dawa ya kupitisha joto kwenda kwenye kipoozeo, upake mpya kidogo. Pawa saplai, kile kisanduku kinachoingiza umeme, usiifungue kabisa; kepasita zake hubaki na umeme hata ikiwa imechomolewa.
Lakini kwanza: mashine ni aina gani?

Nyota_ya_Umoja
Asante mkuu, nimeandika yote. Mashine ni ya kawaida tu, mtumba wa Uingereza, nyeusi, ya kusimama. Bodi nimeshapata tao.

MzeeKobe
Bodi si kazi ngumu, asikutishe mtu. Chunga vile vimguu vya shaba vinavyoinua bodi isiguse kasha. Kijana mmoja aliniletea mashine saiba yangu pale Githurai, watu wamejaa, wote wanataka kuwasilisha ritani za kodi KRA. Inawaka, inazima. Kuifungua, kimguu kimoja kimeachwa mahali ambapo bodi haina tundu, kinagusa mgongo wake na kupiga shoti. Hesabu vimguu, hesabu matundu, ndipo ufunge skurubu.

FundiBisibisi
Nyota, "ya kawaida" si jibu. Soma kibandiko, na useme umepata bodi gani.

Nyota_ya_Umoja
Imeandikwa HP EliteDesk 800 G1. Bodi ni ya H81, nimeiona kwenye duka moja Luthuli na nimeshaacha arbuni ya 2,000. Muuzaji alinionyesha soketi ni ileile, 1150, na RAM ni DDR3 kama yangu. Kwa hiyo hapo sijakurupuka. Tena atanipunguzia 1,500 nikimwachia bodi ya zamani, ambayo hata hivyo imekufa.

FundiBisibisi
Kwa soketi hajakudanganya. Tatizo ni umeme. G1 ina plagi kuu ya pini 6. Hiyo H81 inataka ya pini 24. Pawa saplai ya HP hiyo hutoa volti 12 tu, zile 5 na 3.3 hutengenezwa kwenye bodi yenyewe, ndiyo maana hata waya wa umeme wa diski umechomekwa kwenye bodi. Utalazimika kununua pawa saplai nyingine, na plagi ya swichi ya mbele haitakaa.
Sasa niambie: ukiwasha, taa ya swichi ni ya rangi gani?

Nyota_ya_Umoja
Nyekundu. Inamweka mara tano huku ikilia, inatulia, inarudia. Baadaye mlio unakoma, taa inaendelea. Fundi aliisikia, akasema ndiyo dalili ya bodi.

FundiBisibisi
Hapana! Kwenye HP za kizazi hicho, tano ni RAM. Nne ni pawa saplai. Ingekuwa saba ndipo ungeanza kuishuku bodi. Chomoa RAM zote, safisha meno yake polepole kwa kifutio cha penseli, kisha jaribu moja moja kwenye kila nafasi.

Nyota_ya_Umoja
Mkuu, fundi aliiona kwa macho, wewe hujaiona. Na arbuni je? Afadhali nimalize na hiyo H81, pawa saplai nitatafuta.

DadaWaHesabu
Mimi si mtu wa vyuma, ila kuna jambo sijaelewa. Jumamosi kuna nini?

Nyota_ya_Umoja
Mkutano mkuu wa chama chetu. Mimi ndiye mweka hazina. Hesabu zote za michango na mikopo ziko humo kwenye Excel, na nakala sina. Diski niliichomeka kwenye mashine ya jirani, ikadai ufunguo wa tarakimu 48. Zamani haikuwa ikiuliza kitu, kulikuwa na picha ya kufuli tu pale kwenye C. Aliyetuwekea mashine ni katibu wa zamani. Yuko Doha na hapatikani kwa simu.

FundiBisibisi
Dada, hili ndilo lingetangulia! Hiyo ni BitLocker, kufuli la Windows linalofunga data yote ya diski. Kinachoifungua kila asubuhi bila wewe kuulizwa ni chipu ya TPM, na chipu hiyo iko kwenye bodi ya zamani. Ukimwachia muuzaji kwa 1,500, umemwachia na hesabu za watu. Bodi hiyo isitoke nyumbani kwako.

Mpelelezi_254
Ngojeni kwanza. Mkutano mkuu ni Jumamosi. Mwandishi ni mweka hazina. Kompyuta inakufa wiki hiyohiyo. Ufunguo uko Doha. Bodi inaachwa Luthuli. Hapa haombi ushauri, anafanya mazoezi ya kisingizio kabla hajakipeleka kwa wanachama.

Babu_wa_Kayole
Mpelelezi amenena. Chama cha mke wangu kilisambaratika hivyohivyo, ila kule ilikuwa daftari limeliwa na panya. Ukurasa wa mikopo tu ndio ulioliwa.

MzeeKobe
Acheni kumhukumu mtu hamjamwona. Stima imeua vitu vya wengi hapa Nairobi.

DadaWaHesabu
Nyota, michango inaingia kwa njia gani? Kama ni M-Pesa, taarifa ipo. Itoe, maneno yaishe.

Nyota_ya_Umoja
Mpelelezi, sikujui na hunijui. Nilinyamazia habari za chama kwa sababu kuna wanachama wanaosoma humu, na neno la mweka hazina kupoteza hesabu litafika mtaani Umoja kabla sijashuka matatu. Pesa ziko benki, kutoa ni sahihi za watu watatu. Michango inapita laini ya chama, taarifa ya M-Pesa naichukua leo. Kisichokuwa M-Pesa ni riba tulizokubaliana kuwasamehe watu. Kuna mama mmoja mumewe aliugua mpaka akafariki, tukamfutia riba yote. Hilo liko kwenye Excel tu. Likipotea, atadaiwa upya mbele ya watu. Video ya taa nimeiweka, hesabuni wenyewe.

Mpelelezi_254
Nimehesabu, ni tano. Dada, niwie radhi. Taarifa ya M-Pesa ipeleke mkutanoni hata hivyo.

Nyota_ya_Umoja
Nimechomoa RAM. Zilikuwa mbili, moja meno yake yana weusi hata kifutio hakitoi. Hiyo nimeiweka kando. Ile nyingine peke yake: taa haimweki tena, nembo ya HP imetokea, Windows imefunguka bila kudai ufunguo. Mikono inatetemeka sasa.

FundiBisibisi
Usizime! Nakili hesabu kwenye flashi sasa hivi. Kisha fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C: na zile tarakimu 48 zitatokea. Ziandike kwa kalamu kwenye karatasi, usizihifadhi kwenye diski hiyohiyo.

Nyota_ya_Umoja
Zimetokea, nimeziandika. Hesabu zote ziko kwenye flashi, nimezifungua na kuziona. Na ile 2,000 ya Luthuli?

MzeeKobe
Pesa taslimu kurudi ni ngumu. Nenda asubuhi kabla wateja hawajajaa, mwambie bodi huihitaji tena, akupe RAM ya DDR3 badala yake. Beba ile yenye weusi mlinganishe, na aijaribu ikiwaka mbele yako.