Wagonjwa wa akili Bukavu: watibiwe kituo cha afya cha mtaa, au wote wapelekwe SOSAME?

Mwanzisha mada
Wapo wanaotaka kila mwenye ugonjwa wa akili au kifafa apelekwe SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Bukavu. Wengine wanataka muuguzi wa mtaani amtibu, kwa mwongozo wa OMS (Shirika la Afya Duniani) uitwao mhGAP. Mnaoijua kazi hii, mnasemaje?

Muuguzi, Kadutu
Atibiwe mtaani. Kifafa hakihitaji mashine, kinahitaji aliyemwona mgonjwa akianguka aulizwe vizuri: alikakamaa? Alijing'ata ulimi? Alijikojolea? Mtu mzima huanzishiwa fenobabitali miligramu 60 kwa siku, inapandishwa polepole, isizidi 180. Muuguzi aliyefunzwa analiweza hilo.

Mfamasia
Ndugu yangu, shida si mafunzo, ni dawa kuisha. Fenobabitali ikikatika ghafla, mgonjwa anaweza kupata kifafa kisichoachia, na hicho kinaua. Piga hesabu: wagonjwa 20, kila mmoja vidonge 2 vya miligramu 30 kwa siku, ni vidonge 1,200 kwa mwezi. Tena ni dawa inayodhibitiwa, haiagizwi kama parasetamoli. Kituo kisicho na akiba ya miezi miwili kisimwanzishie mtu.

Muuguzi, Kadutu
Hapo sikubali. Huyo unayemwacha bila dawa ndiye anayeangukia mbabula, jiko la makaa, na kuungua. Vituo jirani vikopeshane dawa, na zoni ya afya iandike nani anamdai nani.

Msaikolojia, Ibanda
Mmeshikilia kifafa, lakini wagonjwa wengi tunawapoteza kwenye haloperidoli, dawa ya waliochanganyikiwa akili. Siku za kwanza shingo inaweza kupinda, macho yakakwama juu. Familia ambayo haikuonywa inasema mtoto wetu amepewa sumu, inamhamishia chumba cha maombi, na huko wengine hufungwa minyororo. Semeni mapema, mbele ya mama na shangazi: ikitokea, rudini siku hiyohiyo, kuna biperideni ya kuilegeza. Kisha reko, mhudumu wa afya wa kujitolea wa mtaani, apite nyumbani ndani ya wiki ya kwanza, asingoje miadi ya mwezi. Na mchungaji aitwe: maombi yaendelee, dawa inywewe, mnyororo utoke. Hilo la mnyororo halina mazungumzo.

Mfamasia
Nakubali. Ila anayetaka kujiua, au anayekataa kula na kunywa, msimng'ang'anie mtaani.

Muuguzi, Kadutu
Huyo anapelekwa SOSAME siku hiyohiyo. Na aliyechanganyikiwa ghafla huku ana homa, apimwe malaria na sukari kwanza, na homa ya uti wa mgongo ichunguzwe. Huyo ni wa hospitali kuu, si wa SOSAME.