Eti "jani si ni hili?" Yule wa magodoro amenimaliza leo

Yule wa soko la Kibuye, Kisumu, sitaji jina, mnamjua. Nimemuuliza namba ya cheti cha godoro lake la "oganiki". Akaweka kidole kwenye picha ya jani: "Madam, jani si ni hili?" JANI! Hata sukuma wiki ina jani!

Lebo ya kweli ya GOTS, cheti cha kimataifa cha vitambaa vya kilimo hai, ina namba ya leseni na jina la shirika lililokagua. Ikisema "organic" tupu, nyuzi za kilimo hai ni asilimia 95 kwenda juu. "Made with organic" inaanzia 70. Lateksi, ile ya utomvu wa mpira, inabeba cheti chake, GOLS, nayo ni 95 kwenda juu. Lake lina lebo ya OEKO-TEX Standard 100 pekee, ambayo inapima kemikali hatari, haiulizi pamba ililimwaje. Na ndani ni sponji! Sponji ni mafuta ya petroli, haiwi oganiki hata uipake samadi. Kumwambia hivyo, kidole kikarudi palepale. Jani si ni hili.

Gumzo_Kondele: Ulienda kununua godoro ama kufanya msako?

FundiSponji: Mara nyingi kilichokaguliwa ni kitambaa cha kava tu. Pima uzito. Futi nne kwa sita, unene inchi sita, ni mita za ujazo 0.34. Lateksi ya saizi hiyo inapita kilo 20. Sponji ya densiti 25, yaani kilo 25 kwa mita moja ya ujazo, ni kilo 8 na nusu.

Mwenye uzi: Yeye alilinyanyua kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa kwenye JANI.

Nakuru_Baridi: Afadhali jani. Huku tunauziwa "haidensiti", eti sponji nzito, ya kilo sita, saizi hiyohiyo. Gawanya mwenyewe, hata densiti 18 haifiki.

FundiSponji: Hizo sita ni pamoja na kava? Toa kava kwanza, utalia zaidi.

Kakamega_Mvua: Na viti vya sofa je? Vipande vya sponji vimesagwa, vikagandishwa na gundi, rangi kama githeri, halafu tunaambiwa ni mpya.

Nakuru_Baridi: Na githeri hiyo ni nzito, kwa hivyo mizani ya Fundi inadanganywa.

FundiSponji: Ndiyo maana unafungua zipu. Hakuna zipu, hakuna pesa.

Mwenye uzi: Jamani, jani langu?

Gumzo_Kondele: Omera, sasa nasikia njaa ya githeri.

Kakamega_Mvua: Fundi, kiti cha watu watatu kinataka sponji inchi ngapi?

FundiSponji: Ya kukalia inchi tano, densiti 30. Ya mgongo hata 20 inatosha.